Mwanasesere wa Gunzi na Nyimbo za Mama

Je, umewahi kusimama kando na kuwatazama watoto wadogo wakicheza, bila wao kujua kwamba unawatazama? Katika Nyarugusu, mji mdogo wa wachimbaji dhahabu wilayani Geita, jambo hilo ni rahisi, kwa sababu watoto wako kila mahali. (Nasema Nyarugusu ya Geita, wala si ile yenye kambi ya wakimbizi kule Kasulu, mkoani Kigoma. Majina tu yanafanana.) Utamwona mtoto wa miaka 4 amechuchumaa na kifuniko cha ndoo. Amekijaza mchanga na maji, anakizungusha polepole, anamwaga maji, kisha anainama kutazama kilichobaki. Mwenzake anagonga jiwe kwa jiwe. Wa tatu ni dalali. Ameshika majani ya mti mkononi, nayo ndiyo noti zake.

Watoto hawa wanacheza mwalo. Hakuna mtu aliyewaketisha chini akawafundisha namna dhahabu inavyooshwa, lakini wanajua kila hatua. Wanajua hata jinsi dalali anavyokunja uso anapotaka kupunja bei.

Watu wazima wakipita husema, "Wanacheza tu." Ni kweli wanacheza. Lakini neno "tu" halifai hapo. Mtoto wa umri huo hana njia nyingine ya kujifunza iliyo bora kuliko hiyo. Anachokiona anakiigiza, na anachokiigiza kinakaa. Basi linalotuhusu sisi akina mama ni hili: Je, mtoto wangu amepata nini cha kuigiza zaidi ya mwalo? Na ni nani anayeimba naye?

Makala haya yanazungumzia vitu viwili ambavyo havihitaji fedha, navyo ni wimbo na mwanasesere.

SI MAMBO YA WAZUNGU

Kuna wazazi wanaofikiri kwamba nyimbo za watoto na wanasesere ni mambo ya shule za kulipia za mjini. Ni kweli kwamba shule ya kwanza iliyopewa jina la "bustani ya watoto" ilianzia Ujerumani, ambako mwalimu Friedrich Froebel alianza kazi hiyo mwaka 1837 katika mji wa Bad Blankenburg. Baadaye, mwaka 1844, alitoa kitabu cha nyimbo na michezo ya vidole kwa ajili ya akina mama, kwa kuwa aliamini kwamba mwalimu wa kwanza wa mtoto ni mama aliyempakata. Shule zetu za chekechea zina deni kwake.

Lakini Wasukuma hawakumngoja Froebel. Ngoma ya bugobogobo ilizaliwa shambani. Watu walilima kwa mdundo, majembe yakipanda na kushuka pamoja, na aliyechoka alivutwa na wimbo wa wenzake. Pale Bujora karibu na Mwanza, katika makumbusho yaliyoanzishwa na Padre David Clement katika miaka ya 1950, zimehifadhiwa ngoma za Wasukuma za aina nyingi, na vikundi vya Bagika na Bagalu bado hushindana kwa ngoma na nyimbo. Mtoto aliyefungwa mgongoni mwa mama yake anayecheza ngoma amekwisha kuanza shule. Mdundo anausikia kwa masikio na kwa kifua.

Na mwanasesere je? Kwa Wazaramo wa Pwani, msichana aliyewekwa ndani wakati wa unyago alipewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti, akamtunza kama mtoto, akamwogesha na kumpaka mafuta. Huku Usukumani wavulana wachungaji wamefinyanga ng'ombe wa udongo tangu zamani, wakawajengea zizi la vijiti na kuwatoa mahari. Hao nao ni wanasesere, hata kama hakuna baba atakayekubali waitwe hivyo.

WIMBO HUTANGULIA MANENO

Mtoto huanza kusikia sauti ya mama yake akiwa bado tumboni, katika miezi ya mwisho ya mimba. Ndiyo maana mchanga anayelia hutulia akisikia sauti ile ile aliyoizoea. Haelewi maneno, lakini anajua mpando na mshuko wa sauti. Kwa hiyo usingoje mpaka mtoto aseme ndipo umwimbie.

Akina mama wengi husema, "Mimi sina sauti." Mtoto wako hajaja kukupima kwa ajili ya kwaya. Hata ukiimba kwa sauti ya kukwaruza, kwake hakuna mwimbaji aliye bora.

Tena si lazima uujue wimbo uliotungwa na wengine. Tunga wa kwako kutokana na kazi unayoifanya. Ukiwa unaosha vyombo, imba "Sahani imeoga," mtoto aitikie "Imeoga!" Uliza "Kikombe je?" naye ajibu "Bado!" Mtoto wa miaka 2 atacheka mpaka aanguke, kisha atakuletea kikombe. Katika mchezo huo mfupi amejifunza majina ya vyombo, amejifunza kungoja zamu yake, na amejua tofauti ya kilichokwisha na kisichokwisha. Kungoja zamu si jambo dogo. Wapo watu wazima ambao hawajaliweza.

Wimbo wa kuitikiana una faida nyingine, hasa katika mji kama Nyarugusu. Dhahabu huvuta watu kutoka kila upande: Wasukuma, Wazinza, Wahaya, Waha, Wakurya na wengine. Katika nyumba moja ya kupanga vyumba sita unaweza kukuta lugha tano. Mtoto aliyekuja jana kutoka kijijini hajui Kiswahili, lakini akiingizwa katika duara la wimbo ataitikia pamoja na wenzake siku hiyo hiyo, na maana itamjia baadaye. Wala usiiache lugha ya nyumbani. Mtoto anayehesabu imo, ibili, idatu kwa bibi yake hachelewi kuhesabu moja, mbili, tatu kwa mwalimu. Hesabu ni ile ile, na amekwisha kuielewa.

Kisha kuna kupiga makofi. Lugha yetu ni rahisi kugawanyika, maana karibu kila silabi huishia na irabu. Piga makofi kwa kila kipande cha neno: ka-ra-i, makofi matatu, ma-ji, mawili, ki-fu-ni-ko, manne. Fanya hivyo kwa jina la mtoto mwenyewe na majina ya ndugu zake. Atafurahia kujua kwamba jina lake lina makofi mengi kuliko la kaka yake. Siku atakapoingia darasani na kuambiwa asome ka na ra na i, sikio lake litakuwa limekwisha kuzoea kwamba maneno yameundwa kwa vipande.

Kwa watoto wa miaka 4 na 5 jaribu mchezo wa ngoma inayonyamaza. Piga dumu, nao wacheze. Ukiacha ghafla, kila mmoja asimame kama mti. Anayetikisika anatoka. Ni mchezo wa kuchekesha, lakini angalia ugumu wake kwa mtoto. Mwili unataka kuendelea, naye anauzuia. Uwezo huo wa kujizuia ndio atakaouhitaji shuleni na hata maisha yake yote.

Vyombo vya muziki vimejaa uani. Kopo lenye punje za mahindi, lililofungwa vizuri ili mtoto asizimeze, ni manyanga. Visoda vilivyotobolewa na kutungwa kwenye waya ni njuga. Dumu tupu la mafuta ya kula ni ngoma nzuri sana. Lakini dumu au ndoo iliyotoka kwenye mitambo ya kuchenjulia dhahabu, ambako sayanidi hutumika, isiingie nyumbani kamwe. Haifai kwa ngoma wala kwa maji, hata kama imeoshwa mara kumi.

Na simu? Siku hizi nyimbo za watoto zinapatikana kwenye simu, na mama aliyechoka humpa mtoto simu ili anyamaze. Sitamlaumu mama aliyeponda mawe tangu asubuhi. Ila simu haingoji mtoto aitikie. Haimwiti kwa jina lake, wala haijui kwamba leo amekataa kula. Wimbo mmoja wa kinywa chako unazidi nyimbo ishirini za simu.

GUNZI, KITAMBAA NA NDEVU ZA MAHINDI

Mwanasesere wa dukani aghalabu ni wa plastiki, ana ngozi nyeupe na nywele za njano. Sina ugomvi naye, ila nataka kukueleza habari moja ya kweli. Katika miaka ya 1940 huko Marekani, mume na mke waliokuwa wanasaikolojia, Kenneth na Mamie Clark, waliwapa watoto weusi wa miaka 3 hadi 7 wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi. Wakawauliza ni yupi mzuri na ni yupi mbaya. Wengi walimchagua mweupe kuwa ndiye mzuri. Baadhi yao, walipoulizwa ni yupi anayefanana nao, waliona uchungu. Uchunguzi huo ulitajwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1954 ilipopiga marufuku shule za serikali kuwatenga watoto kwa rangi zao. Kwa hiyo mtoto hujifunza mengi kutoka kwa mwanasesere, hata yale ambayo hukukusudia kumfundisha.

Gunzi la hindi halina shida hiyo, tena ni bure. Chagua gunzi kavu lililonyooka. Funga uzi sehemu ya juu ili kichwa kitokee. Ndevu za mahindi zikifungwa pale juu ni nywele, nazo mtoto atazisuka. Macho yachorwe kwa mkaa. Vazi ni kipande cha kanga kuukuu, na kipande kingine kidogo ni mbeleko. Mahali penye migomba, ganda kavu la mgomba hufaa kwa mikono na miguu. Mtoto ashiriki tangu mwanzo, hata akiharibu. Yule aliyemtengeneza mwenyewe atampenda kuliko wa dukani.

Mara nyingi mtoto wa mwaka mmoja na nusu hufanya tendo moja tu. Anamlisha mwanasesere, basi. Akifika miaka 2 na 3 anaunganisha matendo: anamvua, anamwogesha, anampaka mafuta, anamvika, anamlaza. Akifika miaka 4 mwanasesere ameumwa na amepelekwa zahanati, muuguzi amemchoma sindano, na mama yake amembembeleza njiani. Hiyo ni hadithi kamili, yenye mwanzo na mwisho. Mtoto anayeweza kuipanga hadithi kwa mpangilio ataweza pia kumweleza mwalimu kilichotokea, na hatimaye kuandika.

Wewe kazi yako ni kuuliza kidogo na kunyamaza sana. "Mwanao analia kwa nini?" "Leo amekula nini?" "Mguu wa kulia uko wapi?" Usigeuze mchezo uwe mtihani. Mtoto akisema mwanasesere amekula nyota, usimsahihishe.

Lililo kubwa zaidi ni hili. Mtoto anapombembeleza gunzi linalolia, amejiweka katika nafasi ya mtu mwingine. Amefikiri, "Huyu anasikia baridi," ingawa yeye mwenyewe hasikii baridi. Huruma huanza hivyo.

Ndiyo maana siwaelewi akina baba wanaomnyang'anya mtoto wa kiume mwanasesere wakisema atakuwa kama msichana. Mvulana anayembeba mwanasesere anaigiza kuwa baba. Je, ni ubaya gani huo? Tunalalamika kila siku kwamba wanaume wa machimboni wakipata dhahabu husahau watoto wao, kisha tunamkataza mvulana wa miaka 3 kumtunza mtoto wa gunzi! Kama neno mwanasesere linawaudhi, waanze na ng'ombe wa udongo kama babu zao. Mvulana atawahesabu, atawapeleka majini, atamtibu anayeumwa.

UDONGO HUU UNATOKA WAPI?

Hapa naomba mama wa Nyarugusu, wa Rwamgasa, na wa kila mahali penye machimbo anisikilize kwa makini. Udongo wa kufinyangia wanasesere usichotwe mwaloni, wala kwenye marundo ya marudio, wala kando ya maji yanayotiririka kutoka huko. Ni laini na unavutia, lakini ndipo mahali zebaki inapobaki baada ya dhahabu kukamatwa. Chukua udongo wa kichuguu kilicho mbali na machimbo.

Zebaki yenyewe ni adui anayependeza. Ikimwagika hugawanyika kuwa vishanga vya fedha vinavyokimbiakimbia, na mtoto yeyote atataka kuvikamata. Ikichomwa hutoa mvuke usioonekana, unaovutwa kwa pumzi na kwenda kudhuru ubongo na mishipa ya fahamu. Mtoto huumia kuliko mtu mzima kwa sababu ubongo wake bado unajengwa, na aliye tumboni huumia pia. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto katika machimbo madogo ya Tanzania, Geita ikiwemo, likaeleza habari za watoto waliochanganya zebaki kwa mikono mitupu. Mwaka huo huo mataifa yalikubaliana juu ya Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu wengi walipooza na kufa kwa zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mkataba huo unataka uchomaji wa zebaki kwenye makazi ya watu ukomeshwe, na watoto na wajawazito wakingwe.

Mkataba uko mbali, lakini sufuria iko jikoni. Kama mume au ndugu huchomea dhahabu nyumbani, mwambie afanye hivyo mbali na nyumba, kwa kifaa kinachozuia mvuke, na chombo alichotumia kisirudi kupikia. Nguo za kazini zisifuliwe pamoja na nguo za mtoto, wala kitambaa chake kisigeuzwe nguo ya mwanasesere.

Wale watoto wa kifuniko cha ndoo wacheze mwalo wao nyumbani, kwa mchanga safi na maji safi. Huwezi kuwakataza kuigiza kazi ya wazazi wao, wala si dhambi. Ila igizo libaki igizo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanya kazi ya hatari, na ya machimboni ni mojawapo. Mara nyingi mtoto wa miaka 4 anayezungusha kifuniko ndiye huyo anayepewa karai la kweli akifika 9, kwa sababu "anajua."

MWANASESERE AKIFICHUA JAMBO

Ukikaa karibu na mtoto anayecheza utasikia sauti yako mwenyewe. Atamfokea mwanasesere kwa maneno yale yale unayomfokea yeye, pamoja na ule mkono kiunoni. Au baba wa gunzi atarudi nyumbani akiyumba, apige mlango, na mama wa gunzi ajifiche nyuma ya kopo. Usimchape mtoto kwa hilo, wala usimwambie "Nyamaza, unatuaibisha." Anajaribu kulielewa jambo lililomtisha. Muulize taratibu, "Mtoto huyu sasa anajisikiaje? Nani atamsaidia?" Kisha wewe na mwenzako mzungumze usiku, mtoto akiwa amelala.

Vivyo hivyo, mtoto aliyefiwa huenda akamzika mwanasesere mara nyingi. Machimbo yameua baba wengi chini ya ardhi, na watoto wao hawapewi nafasi ya kuuliza. Mwache azike, na umwimbie anapozika.

Lakini mtoto akimfanyia mwanasesere mambo ya chumbani ambayo umri wake haupaswi kuyajua kwa undani, usilipuuze na usimtishe. Msikilize bila kumwekea maneno kinywani. Nenda kwa ofisa ustawi wa jamii au kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi, au piga 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto. Katika miji yenye wageni wengi na vyumba vya kupanga vilivyobanana, mama hana budi kuwa macho.

"SINA NAFASI"

Najua jibu la wengi. Mama anayeponda mawe au kuuza chakula huondoka kabla jua halijachomoza na kurudi giza limeingia. Wala simwambii aache kazi. Wimbo huimbwa wakati wa kuosha vyombo, kuogesha, kuchambua mchele. Dakika kumi kabla ya kulala zatosha kwa mwanasesere kulishwa na kulazwa. Bibi na dada mkubwa nao wafundishwe nyimbo zile zile, ila dada asikatazwe shule ili awe yaya. Wanawake watano wanaofanya kazi pamoja wanaweza kupeana zamu: leo mmoja abaki na watoto wote chini ya mwembe, mbali na vumbi la karasha, na wenzake wamgawie chochote. Kwaya ya kanisa ikiazima ngoma asubuhi moja kwa juma, ni bora zaidi, maana ngoma za kanisani hulala tu kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi.

Na gunzi halidumu. Likipata ukungu au kuingiwa na wadudu, usilitupe motoni mtoto anapotazama, hata kama kuni zimekwisha. Mwambie tangu jana yake. Tengenezeni jingine pamoja, kisha umwachie mwenyewe kazi ya kuihamisha kanga na mbeleko kutoka kwa yule wa zamani kwenda kwa huyu mpya. Huenda akampa jina lile lile.